Picha za Harusi: Tunalipia Nini?



Mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu alitushika mkono akatuvuta kando. Alikuwa na karatasi mbili za makadirio ya picha za harusi ya binti yake. Mpiga picha wa kwanza anataka shilingi 300,000, wa pili anataka shilingi 1,200,000. "Hebu niambie, nesi," alisema, "huyu wa pili anapiga picha au ananijengea nyumba?"

Tulicheka, lakini hatukumjibu upesi, maana jambo hili limewahi kutuliza machozi.

Mwaka 2019 tulikuwa katika kamati ya harusi ya binti aliyelelewa na bibi yake tangu mama yake alipofariki. Bibi aliletwa kutoka kijijini, na asubuhi ile sisi wenyewe tulimpima presha kabla hajavaa kitenge chake kipya. Katika bajeti yetu keki ilitengewa fedha nyingi kuliko picha, na hakuna mjumbe aliyeona ajabu. Tukamchukua kijana wa bei nafuu, tukamlipa fedha zote siku ya kwanza, bila maandishi yoyote. Alikuja na kamera moja yenye kadi moja. Wiki ya kwanza alisema tusubiri. Wiki ya tatu simu ikawa haipokelewi. Mwishowe alikiri kwamba kadi imeharibika, naye hakuwa amehifadhi picha mahali pengine. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Picha pekee aliyo nayo binti ya bibi yake siku ile ilipigwa na jirani kwa simu, na nusu ya uso imezibwa na bega la mtu.

Basi tuanze na lile linalotuchanganya wengi. Zamani za filamu tulijua tunachonunua. Mkanda ulikuwa na picha 24 au 36, unahesabu zilizotoka, unalipia kila moja iliyosafishwa, na mabaki ya negativu unaweka kwenye bahasha. Siku hizi hakuna mkanda wa kuhesabu, kwa hiyo tunadhani mpiga picha hana gharama: anabonyeza tu. Lakini kazi imehamia mahali tusipoiona. Tuseme amepiga picha 1,500 tangu saluni hadi ukumbini. Lazima azipitie zote, aache zile ambazo watu wamefumba macho, abaki na 400. Akitumia dakika tatu tu kurekebisha mwanga na rangi ya kila moja, hizo ni dakika 1,200, yaani saa 20 mbele ya kompyuta. Nawe ulimwona kazini siku moja tu.

Tena kamera huchakaa. Shata ya kamera nyingi za kazi hukadiriwa kustahimili mibonyezo kati ya 100,000 na 200,000 hivi, na harusi moja inakula maelfu. Kuna lenzi, taa, betri, msaidizi na nauli. Sisi tulio hospitalini tunalielewa hili kwa urahisi: mgonjwa huona sindano moja, haoni chumba cha kutakasia vyombo.

Hata hivyo, si kila bei kubwa ni ya haki. Karatasi ile ya 1,200,000 tuliisoma mstari kwa mstari. Ndani yake kulikuwa na video, picha za wachumba za kabla ya harusi, albamu mbili kubwa, picha ya ukutani yenye fremu, na kamera ya kuruka angani. Hiyo ya kuruka, pamoja na gharama yake, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mwenye harusi anayo haki ya kuuliza kama kibali kipo. Kwa maoni yetu albamu moja iliyoshonwa vizuri yatosha, na paa la ukumbi halina uzuri wowote likitazamwa kutoka juu. Karatasi ya 300,000 nayo haikuwa na albamu wala video, ila picha za mnato tu. Kumbe mama alikuwa akilinganisha embe na gunia la maembe.

Jambo linaloleta ugomvi kuliko yote ni saa. Uliza: umelipiwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Sote tunajua harusi zetu. Kadi inasema ukumbini saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 usiku kwa sababu ya saluni na foleni. Mpiga picha aliyelipwa hadi saa 4 usiku anafunga begi lake wakati wazazi wa bwana harusi wanajipanga kuleta zawadi, na hapo shangazi anapandisha sauti. Mwenye kosa si yeye. Patana mapema bei ya kila saa inayozidi, na iandikwe. Mtengee na sahani ya chakula, jamani. Amesimama tangu asubuhi.

Uliza pia kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, kama anayo kamera ya akiba, na nani atakuja akiugua. Usimlipe zote mwanzoni. Toa kianzio upewe stakabadhi, sehemu nyingine siku ya harusi, na salio ukikabidhiwa picha kwa tarehe iliyoandikwa. Omba kuona harusi moja nzima aliyoipiga, siyo picha kumi alizochagua mwenyewe.

Na msisahau haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa Tanzania Bara, inalinda picha kama kazi ya sanaa, kwa hiyo kulipia nakala si sawa na kununua haki zote. Kama hutaki sura ya binti yako au ya watoto wasimamizi itangaze biashara mtandaoni, sema kabla, iingie kwenye mkataba.

Yule mama alirudi kwa wote wawili na maswali haya. Kijana wa 300,000 alijibu kwa uaminifu kwamba hana kamera ya akiba. Yule wa pili aliondoa kamera ya kuruka, picha za wachumba, albamu moja na fremu, wakaafikiana 750,000 hadi saa 6 usiku. Fedha iliyopungua ilipatikana kwa kuondoa ghorofa mbili za keki. Mkwe mtarajiwa bado hajaambiwa.