Paka Anapochafua Nyumba, Tutazame Kwanza Choo Chake



Wapendwa wasomaji, safari hii ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, pengine hata la kuchekesha: choo cha paka. Lakini familia nyingi zinafuga paka, kwa sababu penye mahindi, mchele na maharage pana panya, na panya huleta hasara na maradhi. Paka ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara. Ila siku anapoanza kukojoa juu ya godoro, nyuma ya kabati au kwenye gunia, mlinzi huyo hugeuka adui. Hupigwa, hutiwa ndani ya kiroba akatupwe sokoni, au hutegewa sumu.

Maoni yetu ni haya: paka anayechafua nyumba hafanyi ukorofi. Anatuonyesha ama kwamba choo chake kina kasoro, au kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa. Na kwa kuwa kinyesi cha paka chaweza kumdhuru hata mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake, jambo hili linahusu afya ya familia nzima. Kwa hiyo kazi ya kulitatua isiachwe mabegani mwa mama na msichana wa kazi peke yao.

KWA NINI PAKA ANATAKA MCHANGA

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, nchi zenye ukavu na mchanga. Kwa asili yake hufukua shimo dogo, hujisaidia, kisha hufukia. Kijijini hana shida, maana uwanja ni wa udongo na shamba liko karibu. Mjini mambo ni mengine. Wengi wetu tunaishi vyumba vya kupanga, ua umesakafiwa kwa saruji mpaka ukutani, na geti hufungwa mchana na usiku. Paka hana pa kufukua. Akikosa mchanga atatafuta kitu chochote laini kinachokwaruzika: rundo la nguo chafu, gunia, chungu cha maua, godoro la mtoto.

Basi hatuna budi kumwekea choo chake ndani ya nyumba. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu walitumia mchanga, majivu na vumbi la mbao, mpaka mwaka 1947 Edward Lowe wa jimbo la Michigan, Marekani, alipoanza kuuza chembechembe za udongo mkavu unaonyonya mkojo. Tangu hapo imekuwa biashara kubwa sana. Sisi hatuoni sababu ya familia yenye kipato kidogo kujitwisha gharama hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2416 hadi 2418, inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu tunaopaswa kuwatendea wema, wala haifai kuwatesa au kuwaua bila sababu, na kwamba haifai pia kuwatumia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza shida za wanadamu. Karai la zamani au beseni pana, pamoja na mchanga uliochekechwa na kukaushwa juani, vinatosha kabisa. Maranda laini ya seremala nayo yanafaa. Majivu matupu tusiyatumie: huchafua miguu ya paka, naye huyasambaza nyumba nzima, na yakilowa huweza kumuunguza ngozi.

KASORO TANO ZA CHOO

Mara nyingi karai lipo, mchanga upo, na bado paka analipita na kwenda kwingine. Tuchunguze mambo haya:

1. Uchafu. Paka ni mnyama msafi kuliko tunavyodhani. Karai lililojaa kinyesi cha juzi na jana halitaki, kama sisi tusivyotaka choo kilichofurika. Kinyesi na mchanga uliolowa viondolewe kila siku, ikiwezekana asubuhi na jioni. Mara moja kwa wiki mchanga wote umwagwe, karai lioshwe na mchanga mpya utiwe, kina cha sentimeta tatu hadi tano.

2. Harufu ya dawa. Wengine, kwa nia njema, huosha karai kwa dawa kali ya kuulia vijidudu. Pua ya paka ni kali kuliko yetu, naye hulikimbia karai hilo. Zaidi ya hayo, dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini ni sumu kwa paka, kwani hujilamba miguu. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua. Sabuni na maji yanayochemka vinatosha.

3. Mahali. Karai likiwekwa kando ya sahani ya chakula, paka hatalitumia. Likiwekwa mlangoni ambapo watoto wanapita mbio, au mbwa analala hapo, ataogopa. Liwekwe pembeni, penye utulivu, mbali na jiko na mbali na chakula cha watu.

4. Ukubwa na idadi. Paka anapaswa kuingia, kugeuka na kufukua. Kwa paka mkubwa, beseni dogo la kunawia mikono halitoshi. Mtoto wa paka au paka mzee anahitaji ukingo mfupi. Wenye paka wawili au zaidi wafahamu kwamba karai moja huleta ugomvi: mbabe hulilinda, mnyonge huenda chini ya kitanda. Wataalamu hushauri kila paka awe na lake, na moja la ziada. Pakikosekana nafasi, basi walau kila mmoja awe na lake, yakiwekwa mbalimbali.

5. Mabadiliko ya ghafla. Jana mchanga, leo maranda, kesho karai limehamishiwa ukumbini. Paka hapendi mageuzi ya namna hii. Kama ni lazima kubadili, tuchanganye kidogo kidogo, na karai lisogezwe hatua kwa hatua.

FIMBO HAIFUNDISHI

Ipo desturi ya kumshika paka shingo na kumsugua pua kwenye mkojo wake, kisha kumpiga. Desturi hii haifai kitu. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha saa hii na kosa la saa iliyopita. Anachojifunza ni kumwogopa mtu, na siku nyingine atajificha pabaya zaidi. Mtoto wa paka afundishwe kwa kuwekwa karaini mara baada ya kula na mara baada ya kuamka. Kwa siku chache atakuwa amezoea.

Pale palipochafuliwa pasafishwe vizuri, maana harufu iliyobaki humwita tena. Paoshwe kwa sabuni ya unga ya kufulia, pasuuzwe, papanguswe kwa siki iliyotiwa maji, na kama ni godoro lianikwe juani hadi likauke barabara.

Tutofautishe pia kukojoa na kupuliza mkojo. Dume anayesimama, akainua mkia na kurusha mkojo kidogo ukutani au kwenye mguu wa meza haendi haja. Anaweka alama ya mipaka yake na kuita majike. Huyo hata akiwekewa makarai kumi ataendelea. Dawa yake ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo ahasiwe. Madume wengi huacha tabia hiyo baada ya kuhasiwa, na panya wataendelea kukamatwa kama kawaida.

PAKA ANAPOKUWA MGONJWA

Paka aliyekuwa akitumia karai vizuri na ghafla akaacha, tumshuku ugonjwa kabla ya kumshuku utundu. Huenda mkojo unamuuma, au anaharisha, au viungo vinamuuma na hawezi kuruka ukingo.

Hatari kubwa ni kwa dume. Njia yake ya mkojo ni nyembamba na huweza kuziba. Dalili ni hizi: anaingia karaini mara kwa mara, anajikamua, analia, na mkojo hautoki au hutoka matone, pengine yenye damu. Watu hudhani amefunga choo. La hasha! Mkojo ukizuiwa kabisa, sumu hujaa katika damu na paka huweza kufa kwa muda wa siku moja hadi tatu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, isingojewe kesho.

MAMA MJAMZITO NA MCHANGA WA PAKA

Hapa ndipo penye uzito wa habari yetu. Mwaka 1908, huko Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walieleza juu ya kimelea kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hukitoa katika kinyesi, kwa kawaida mara moja tu katika maisha yake, kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Mtu akikimeza, mara nyingi haoni dalili yoyote, au huona homa ndogo na uchovu. Lakini mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ya ubongo. Wenye virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka sana nao wako hatarini, kwani kimelea huweza kushambulia ubongo. Hao wasiache dawa zao wala kliniki zao.

Je, mama akishika mimba paka afukuzwe? Sisi tunasema hapana. Watu wengi hukipata kimelea hiki kwa nyama isiyoiva, kwa mboga za majani zisizooshwa vizuri na kwa udongo, hata wasiofuga paka kabisa. Tena kuna jambo moja la kutupa moyo: kimelea kikitoka katika kinyesi hakiwezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Ndiyo maana karai linalosafishwa kila siku huondoa sehemu kubwa ya hatari, na karai linaloachwa wiki nzima ndilo la kuogopwa. Paka aliyetupwa mtaani, kwa upande mwingine, atakwenda kujisaidia katika bustani ya mchicha ya jirani, na katika udongo wenye unyevu kimelea huishi miezi mingi.

Basi tuzingatie yafuatayo. Kinyesi cha paka kitupwe katika choo cha shimo, au kifukiwe mbali na kisima na bustani. Kisitiwe kamwe katika mbolea ya mboga. Karai likishaoshwa kwa sabuni limwagiwe maji yanayochemka, yakae dakika tano au zaidi, maana klorini haiui kimelea hiki. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya kusafisha karai na baada ya kulima. Nyama iive, na mboga ya kachumbari ioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Paka apewe chakula kilichopikwa, siyo matumbo mabichi. Na lile rundo la mchanga wa ujenzi lililoko uani, ambalo mchana ni kiwanja cha watoto na usiku ni choo cha paka wa mtaa mzima, lifunikwe kwa turubai. Minyoo ya paka nayo huwapata watoto kwa njia hiyo. Mama mwenye wasiwasi amwulize mkunga au daktari wake kliniki.

NANI ASAFISHE?

Katika nyumba nyingi jibu ni jepesi mno: mama, na kama hayupo, msichana wa kazi. Hatukubaliani na desturi hii. Mama mjamzito ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kugusa mchanga huo. Na kama hakuna mwingine kabisa, avae glavu na anawe vizuri. Naye msichana wa kazi ni binti wa watu, yuko katika umri wa kuzaa, na huenda ana mimba changa ambayo hata yeye hajaitambua. Usalama wake una thamani ile ile mbele ya Mungu. Kumkinga mama wa nyumba kwa kumwekea hatari binti wa mwingine siyo haki.

Tunapendekeza kazi hii ifanywe na baba, au na kijana wa kiume aliyekwisha kukua. Ni kazi ya dakika tano. Wapo watakaosema inamshushia mwanamume heshima. Tuwakumbushe kwamba Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa akawaosha mitume wake miguu, na hakupungukiwa kitu. Baba anayechukua koleo dogo kila asubuhi kuondoa uchafu wa paka anamlinda mke wake, mtoto wake asiyezaliwa bado, na binti wa watu aliyekabidhiwa kwake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuinua fimbo au kununua sumu, twende tukalitazame karai: ni safi? liko mahali pazuri? linatosha? Kisha tumtazame paka: anakojoa vizuri? Na mwisho tujitazame sisi wenyewe: ni nani nyumbani mwetu tumemwachia kazi hii, na je, ndiye anayestahili kuifanya?

Mungu azibariki familia zenu.