Kwa Miguu Katika Nchi Tambarare ya Landes

Wale mliosoma jiografia mnakumbuka desturi ya ramani: milima hupakwa rangi ya kahawia, na nchi tambarare rangi ya kijani. Macho ya mwanafunzi hukimbilia milimani. Hata sisi katika chuo cha ualimu tulikuwa hivyo hivyo. Kila mtu aliweza kutaja vilele, wala hakuna aliyeuliza habari za ile rangi ya kijani. Basi leo tutembee katika kipande kimoja cha kijani hicho, kule Ufaransa, upande wa kusini magharibi, kando ya Bahari ya Atlantiki. Nchi yenyewe huitwa Landes. Mtu akiiona toka mbali atasema hakuna kitu, ni mchanga, maji na misonobari tu. Lakini ukiipita kwa miguu utakanyaga mahali ambapo watu walishindana na mchanga, wakashindana na maji, na mwisho wakashindana wao kwa wao.

Kwanza mjue ukubwa wake. Pwani yake imenyooka kama uzi uliovutwa, zaidi ya kilomita 200. Msitu wake ni kama hekta milioni moja, na karibu wote ni misonobari iliyopandwa na mikono ya watu. Katika Ulaya ya Magharibi hakuna msitu wa kupandwa unaoupita.

Tuanzie kaskazini, katika mji mdogo wa Soulac, karibu na pale maji ya mto Garonne yanapoingia baharini. Hapo pana kanisa la Bikira Maria, liitwalo Mama Yetu wa Mwisho wa Nchi. Zamani mahujaji kutoka Uingereza waliteremka katika vyombo vyao hapo, wakashika njia kwa miguu mpaka Compostela, Hispania, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume. Sasa sikieni. Upepo wa bahari ulikuwa ukisukuma mchanga kwenda bara, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Mchanga uliingia kijijini, ukaingia na kanisani. Watu waliinua sakafu, nao mchanga ukazidi kupanda. Katika karne ya 18 waliliacha kanisa lao, likazikwa, ikabaki sehemu ya juu tu, ambayo mabaharia waliitumia kuwa alama ya njia. (Mimi kazi yangu ni kushika daftari za parokia, nami niliposoma habari hii jambo la kwanza nililojiuliza ni vitabu vya ubatizo walivipeleka wapi.) Kuanzia mwaka 1859 lilifukuliwa, na mwaka 1998 UNESCO ililiandika katika urithi wa dunia pamoja na njia za Mtakatifu Yakobo. Mgeni aingiaye leo huteremka ngazi, maana barabara iko juu kuliko sakafu.

Je, mchanga ulizuiwaje? Wenyeji walikuwa wamekwisha kuiona dawa. Ndugu wawili wa jamaa ya Desbiey, mmoja wao padre, walikuwa miongoni mwa waliojaribu mapema. Lakini sifa za vitabuni alizipata injinia Nicolas Brémontier, aliyeanza kazi hiyo karibu na La Teste katika miaka ya 1780. Kazi ilikuwa hivi. Mbegu za misonobari zilichanganywa na mbegu za vichaka viotavyo upesi, zikafunikwa kwa matawi ili upepo usizipeperushe. Vichaka viliota kwanza, vikaulea msonobari mchanga mpaka ukapata nguvu. Upande wa bahari walisimamisha ua wa mbao. Mchanga ukijilundika mpaka juu ya mbao, mbao huvutwa zikasimama tena juu yake, na hivyo hivyo, mpaka upepo wenyewe ukajijengea ukuta. Kisha wakapanda nyasi za mizizi mirefu juu ya ukuta huo. Kwa sababu hiyo mtembezi akifika pwani huambiwa apite katika njia zilizowekwa tu. Nyasi zikifa kwa kukanyagwa, upepo unapata mlango, na kazi ya miaka mingi inarudi mwanzo.

Jambo jingine la pwani hiyo, wazazi mlikumbuke kama mna watoto wapendao maji. Maji yakipwa hubaki vidimbwi virefu kandokando ya bahari, vimetulia kama beseni. Wenyeji huviita baïnes. Mgeni huona ni mahali salama pa kuoga. Kumbe maji yale yanapotafuta njia ya kurudi baharini hufanya mkondo mkali, na kila mwaka waogaji huchukuliwa. Anayechukuliwa hufundishwa asishindane na mkondo. Aache umpeleke mpaka ulegee, apunge mkono kuomba msaada, ndipo atoke kwa pembeni.

Nyuma ya vilima vya mchanga kuna maziwa, moja baada ya jingine. Sababu yake ni nyepesi. Vijito vilikuwa vikienda baharini, mchanga ukaziba midomo yake, maji yakakaa. Chini ya ziwa la Sanguinet wapiga mbizi wameona mabaki ya kijiji cha wakati wa Warumi, kilichoachwa maji yalipopanda. Ukienda mpaka ghuba ya Arcachon, mahali paitwapo Le Teich, utakuta mabwawa yaliyotunzwa kwa ajili ya ndege, na njia ya miguu inayoyazunguka. Hapo huonekana korongo weupe, na ndege wenye mdomo bapa kama mwiko. Wengi ni wapitaji tu, njiani kwenda Afrika ya Magharibi au kurudi.

Karibu na hapo kipo kilima cha mchanga cha Pilat, ambacho hakikufungwa kwa miti. Kimo chake ni kama meta 100, na urefu wake karibu kilomita 3. Ukipanda, hatua mbili mbele ni moja nyuma. Juu yake unaona bahari upande mmoja, na upande wa pili misonobari hata macho yachoke. Kilima hicho bado kinatembea: kila mwaka husogea bara, mwaka mwingine meta 1, mwingine mpaka 5, nacho huifunika misonobari ingali imesimama.

Chini ya kilima hicho ndipo ulipo msitu wa La Teste. Huu ni wa kale, haukungoja Brémontier wala mtu mwingine. Tangu karne nyingi una desturi yake: ardhi ina wenyewe, lakini wenyeji wa pale wana haki ya kukata kuni na kupata miti ya kujengea nyumba zao. Mara kwa mara wenye ardhi na wenye haki wamepelekana mahakamani. Mwezi wa Julai mwaka 2022 moto uliwaka hapo, na mwingine ukawaka Landiras upande wa bara. Mioto hiyo miwili iliteketeza zaidi ya hekta 20,000, na makumi ya maelfu ya watu walihamishwa. Wazee walikumbuka mwezi wa Agosti 1949, moto wa Landes ulipoua watu 82.

Sasa tuipe bahari kisogo twende bara, kwa maana huko ndiko yalikotokea makubwa. Chini ya mchanga wa Landes kuna tabaka gumu, jekundu jeusi, lililogandishwa na chuma. Maji hayalipenyi. Na kwa kuwa nchi ni tambarare kabisa, hayana pa kutelemkia. Basi zamani majira ya baridi nchi yote ilikuwa majimaji, na kiangazi ikakauka ikawa kama jivu. Watu waliishije? Waliishi kwa kondoo. Malisho yalikuwa mali ya kijiji kizima, hayana ua wala mwenyewe mmoja. Usipige hesabu ya nyama. Kondoo walifugwa zaidi kwa ajili ya samadi, maana bila samadi mchanga ule haukutoa nafaka. Kondoo wengi, mkate. Kondoo wachache, njaa.

Na wachunga kondoo walitembea juu ya milonjo, yaani miguu ya miti iliyofungwa kwenye miguu yao, iliyowainua meta moja au zaidi. Kwa hiyo walivuka maji bila kulowa, wakaona kundi toka mbali, na mwendo wao ulikuwa wa haraka kuliko mtu wa chini. Mkononi walishika mti mrefu wa tatu. Mchungaji akichoka aliuegemea kama kiti, akasuka soksi za sufu huku akiangalia wanyama. Watoto walijifunza mapema. Mwaka 1891 mwoka mikate mmoja wa Arcachon, Sylvain Dornon, aliondoka Paris juu ya milonjo akafika Moscow kwa siku 58. Wasomaji, hebu hesabuni wenyewe mwendo huo!

Lakini wakati Dornon anasafiri, milonjo ilikuwa imekwisha kuwa mchezo wa kuonyesha wageni. Tarehe 19 Juni 1857, wakati wa Napoleon III, ilitoka sheria ya kulazimisha vijiji vya Landes kukausha malisho yao na kuyapanda miti. Kijiji kisicho na fedha za kazi hiyo kiliuza ardhi. Mifereji ikachimbwa, misonobari ikapandwa, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja malisho yakatoweka. Mara nyingi moto ulizuka katika miti michanga, na wachungaji wakashukiwa.

Waandishi wengi husifu kazi hiyo, nao wana haki. Homa za majimaji zilipungua. Utomvu wa msonobari ukaleta fedha, na barabara na reli zikafuata. Walakini mimi nasita kidogo. Wakubwa wa mjini walisema hii ni nchi isiyofaa kitu. Isiyomfaa nani? Kondoo walikuwa wakila, na watu walikuwa wakipata mkate wao. Mjukuu wa mchungaji alijikuta akigema utomvu katika miti ya mtu mwingine, akigawana naye mapato, juu ya ardhi ambayo babu yake aliilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wagema hao waligoma, wakitaka fungu lililo bora. Baadaye hata kazi hiyo ikafa. Mnamo mwaka 1990 ilikuwa imekwisha. Anayetaka kuona maisha ya kale apande treni ndogo kutoka Sabres mpaka Marquèze, ambako nyumba za zamani zimehifadhiwa.

Kutembea katika msitu huo kunachosha kwa namna yake. Hakuna mlima wa kukuambia umefika wapi. Njia zimenyooka, miti imepangwa mistari, na saa ya tatu inafanana na saa ya kwanza. Mwenye busara huhesabu njia panda. Akifika mahali peupe, aulize: pengine miti imevunwa, pengine iliangushwa na tufani ya Desemba 1999 au ile ya Januari 2009. Siku za joto na upepo serikali hufunga msitu, na hakuna anayeruhusiwa kuingia. Mwezi wa Oktoba wawindaji hukaa katika vibanda vya matawi wakiwangojea njiwa pori. Adabu ni kupiga mluzi kabla ya kukaribia, kama sisi tunavyobisha hodi.

Ukifuata alama za gamba la kombe, ambazo ni za mahujaji wa Mtakatifu Yakobo, utatokea kusini karibu na mji wa Dax. Hapo kipo kijiji kilichoitwa Pouy, alikozaliwa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1581. Siku hizi kijiji kimepewa jina lake. Naye alikuwa mtoto wa wakulima, akachunga wanyama wa baba yake katika nchi ile ya maji na mchanga, miaka mia mbili na zaidi kabla ya sheria ya misonobari. Inasimuliwa kwamba baba aliuza ng'ombe wawili wa kulimia ili mwana apate kusoma. Mbele ya nyumba yao umesimama mwaloni wa kale sana. Shina lake lina uwazi ndani, lakini majani bado unatoa, na mahujaji hukaa kivulini mwake wakavua viatu, wakakung'uta mchanga.