Wahandisi wetu wavuke Namanga kabla ya kuvuka bahari

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Alitaka kwenda kusoma muhula mmoja Nairobi, kisha arudi kumalizia shahada yake hapahapa. Akajibiwa kwamba aombe nafasi upya kama mwanafunzi mgeni, aanze mwaka wa kwanza, na kozi alizokwisha kufaulu hazitahesabiwa. Wiki hiyohiyo ubao wa matangazo wa idara yao ulikuwa na nafasi za muhula mmoja Ulaya: nauli, posho na bima vimelipwa, na kozi atakazosoma huko zitaingia kwenye matokeo yake.

Sina ugomvi na nafasi za Ulaya wala za Marekani. Nina wenzangu waliosomeshwa na Ujerumani na Uingereza, na kazi zao barabarani zinaonekana. Kinachoniuma ni kwamba safari ya kwenda Ulaya imetandikiwa mkeka, na ya kwenda Nairobi, ambako basi la asubuhi kutoka Arusha, kwa kupita mpakani Namanga, linafika kabla ya chakula cha mchana kupoa, imewekewa magogo.

Haikuwa hivyo zamani. Kuanzia 1963 hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa Mwalimu Nyerere, na nchi tatu ziligawana kazi. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Hata kabla ya hapo, Benjamin Mkapa alikuwa amesoma Makerere. Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alijifunza sheria kwetu. Mwaka 1970 kila nchi ilichukua chuo chake, na sababu zilikuwepo, maana kila taifa changa lilihitaji wataalamu wengi kuliko chuo kimoja kilivyoweza kuwatoa. Kitivo cha uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973, nami ni mmoja wa waliofaidika nacho. Ila katika kugawana majengo tuliipoteza pia ile njia ya vijana kupita, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 hata mpaka wenyewe wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983.

Faida ya njia ile naijua kwa mikono yangu. Miaka ya tisini nilikuwa mhandisi mdogo kwenye mradi wa barabara kaskazini, na tuta letu lilikuwa linapasuka kila kiangazi. Chini yake kulikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukinywa mvua na kuachia nyufa za kumeza mguu ukikauka. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mtanzania aliyesoma Nairobi enzi za chuo kile kimoja. Alimpigia simu Mkenya waliyeishi naye bweni moja, ambaye sasa alikuwa na kampuni ya ushauri, akamwambia namleta binti yangu mumfundishe. Nyanda za Athi, karibu na Nairobi, zimejaa udongo huohuo, na wenzetu walikuwa wamepambana nao miaka mingi kutuzidi.

Huko nikapokelewa na fundi wa maabara yao, mzee wa makamo aliyevaa koti la kijivu lenye vumbi la chokaa mifukoni. Nilikuja na daftari langu. Akaliweka juu ya kabati. "Ushike kwanza, dada. Vitabu utasoma jioni." Alikanda udongo na maji kidogo, akauviringisha kwa kiganja juu ya kioo mpaka ukawa uzi mwembamba. Kipimo chenyewe kila mhandisi anakijua: uzi ukianza kukatikakatika ukiwa na unene wa milimita 3, unapima unyevu uliomo, na hapo umepata mpaka wa udongo kufinyangika. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo Mlimani, chuoni Dar es Salaam. Nilichokuwa sijawahi kuona ni mzee yule akichanganya chokaa kiasi cha vijiko viwili, akafunika sahani, akanipa chai, kisha akaniambia niviringishe tena. Ule udongo ulionata kama ulimbo ulikuwa umegeuka chengachenga na haukukubali tena kuwa uzi kwa maji yale ya kwanza. Alinionyesha pia saa ngapi ni kuchelewa kushindilia baada ya kuchanganya, na namna ya kumtambua mkandarasi anayepunja chokaa. Hayo sikuyakuta kwenye kitabu chochote.

Nilikwenda kwa sababu wazee wawili walikuwa marafiki. Wazee hao wanastaafu na kufa, na hakuna wanaokuja nyuma yao wenye simu ya kupigiana.

Karatasi tunazo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala. Mei 2017, wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam na kutangaza Jumuiya nzima, iliyokuwa imefufuliwa, kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi makubaliano ya kutambuana mwaka 2012, jambo jema, lakini yanamsaidia aliyekwisha kusajiliwa. Kijana anayejifunza hayamgusi. Na ulipoanzishwa mpango wa kuwasomesha vijana wa Jumuiya shahada ya uzamili katika nchi jirani, fedha zilitoka Ujerumani kupitia benki ya KfW. Nawashukuru Wajerumani kwa dhati, na bado naona ni aibu yetu kwamba kijana wa Bujumbura akitaka kusoma kwa jirani yake hesabu hupigwa Frankfurt. Mfadhili ana siasa zake. Juni 2025 karibu wajumbe wote wa bodi ya Fulbright, mpango wa Marekani wa tangu 1946, walijiuzulu wakilalamikia serikali yao kuingilia uteuzi wa wanafunzi.

Nimesikia hofu kwamba tukifungua njia, Wakenya watajaa kwenye ajira zetu, au vijana wetu hawatarudi. Mkuu wangu alirudi. Kizazi chake cha wahandisi kilirudi kujenga nchi hii, kwa sababu kilikwenda kikijua kinarudi wapi na kufanya nini.

Ulaya ilianzisha Erasmus mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, na uti wa mgongo wake ni fomu inayosainiwa kabla ya safari na mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea, ikitaja kozi atakazosoma na jinsi zitakavyohesabiwa akirudi. Fomu hiyo haihitaji mfadhili. Mkuu wa idara ya uhandisi Dar es Salaam na mwenzake wa Nairobi wanaweza kuanza na kozi mbili, mekanika ya udongo na vifaa vya barabara, wanafunzi watano kwa watano, kila mmoja akilipa ada nyumbani kwake na kulala bwenini kwa mwenzake. Bodi yetu ya Usajili wa Wahandisi inasimamia miaka mitatu ya mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu. Miezi sita ya hiyo ihesabiwe ikifanyiwa Kenya, Uganda au Rwanda chini ya mhandisi aliyesajiliwa huko, na wao watuletee wa kwao kwenye miradi yetu ya reli na madaraja.