Ndoo ya Fundi Cherehani
Fundi cherehani aliyejiajiri hana bosi wa kumnyima ruhusa, lakini mteja wa suti ya harusi ni bosi kuliko bosi. Ndiyo maana ushauri wa kujiunga na jimu humpita: jioni ndipo wateja wanapotoka makazini na kuja kujaribu nguo zao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, yakigusa misuli yote mikubwa. Siku 2 tu. Lakini siku ya aliyejiajiri haina kengele. Kila kitu husogezwa, na cha kwanza kusogezwa ni mwili wake. Basi zoezi lifungwe kwenye jambo lisilosogezeka. Jumatatu na Alhamisi, kabla cherehani haijafunuliwa, achuchumae na kuinuka mara 10, apige pushapu akiegemea meza ya kukatia, kisha anyanyue ndoo ya lita 20, maji nusu kwa anayeanza, mgongo ukiwa umenyooka. Apumue, arudie mzunguko huo mara 2 zaidi. Ndoo ikishakuwa nyepesi mkononi, aongeze maji. Misuli haikui kwa mzigo iliouzoea. (Wanaodai kukanyaga cherehani kutwa ni mazoezi tosha, wamtazame fundi mabega yalivyojikunja.) Na wewe mteja, ukifika mapema ukamkuta na ndoo mkononi, vuta kiti kibarazani usubiri.