Gari la nguvu za farasi 650 litalima wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu magari ya fahari yanayozinduliwa huko Ulaya, ambayo picha zake hutufikia hata sisi tulioko vijijini, na ambayo baadhi ya wananchi wenzangu huyashangilia kana kwamba wamegawiwa.

Gari ninalotaka kulizungumzia hasa ni Urus, la kampuni ya Lamborghini ya Italia. Lilizinduliwa tarehe 4 Desemba, 2017, kiwandani kwao Sant'Agata Bolognese. Tangu hapo sura yake imeingia kwenye simu, kwenye fulana za mitumba na kwenye majalada ya madaftari ya watoto ninaowafundisha. Mwanafunzi wa darasa la sita ambaye bado desimali zinampiga chenga anaweza kukutajia mwendo wa gari hilo bila kukosea. Nimeona badala ya kumkemea, afadhali tupige hesabu pamoja naye.

Wenye kiwanda walitangaza kwamba injini ya Urus ina nguvu za farasi 650, kwamba gari hutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.6, na kwamba mwisho wa mwendo wake ni kilomita 305 kwa saa. Bei yake huko Ulaya ilianzia kiasi cha euro 171,000 kabla ya kodi. Sasa, kilomita 305 kwa saa ni kama mita 85 kila sekunde. Likianzia goli hili la uwanja wa mpira katika mwendo huo, litakuwa limelipita goli la pili kabla mtu hajamaliza kusema "moja, mbili". Sheria yetu ya barabarani inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Kwa hiyo mwenye Urus akipita kijijini kwetu kihalali atatumia chini ya sehemu moja ya sita ya mwendo alioununua. Hata huko kwao Italia, kwenye barabara zao kuu kabisa, mwisho wa kawaida ni kilomita 130. Sehemu iliyobaki mwenye gari ameilipia ili awe nayo tu.

Ni kweli gari hili husifiwa kuwa ni la kwenda popote. Lina swichi ya kuchagua hali ya njia, na linaweza kuwekewa hali ya theluji, ya udongo na ya mchanga. Tumbo lake huweza kuinuliwa kutoka ardhini kwa karibu sentimita 25. Hapo ndipo mimi hucheka kidogo, maana tope na mchanga ni vitu ambavyo huku kwetu hatujawahi kupungukiwa, lakini picha nyingi nilizoziona za Urus limeegeshwa mbele ya hoteli. Wala si mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kujaribu. Mwaka 1986 walitoa gari la porini liitwalo LM002, lenye injini ya silinda 12, na mpaka walipoacha kulitengeneza hayakufika hata magari 400.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si mwendo wala bei. Ni jina lenyewe la Lamborghini, ambalo vijana wetu hulitamka kila siku bila kujua lilikotoka. Bwana Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka 1916 katika familia ya wakulima kaskazini mwa Italia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa fundi wa magari ya jeshi katika kisiwa cha Rhodes. Vita vilipokwisha aliona mambo mawili: wakulima hawana zana, na magari mabovu ya jeshi yamezagaa kila mahali. Akachukua injini na vipuri vya magari hayo akaunda matrekta, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya matrekta. Magari ya fahari yalikuja baadaye, mwaka 1963, naye aliyaanzisha kwa utajiri uliotokana na matrekta na viwanda vyake vingine. Husimuliwa kwamba alikasirishwa na klachi ya gari lake la Ferrari, na alipokwenda kulalamika akaambiwa arudi kwenye matrekta yake. Sijui kama ni hivyo kweli, lakini watu wameipenda hadithi hiyo.

Hatima ya kazi hiyo inasikitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali mpya ya Bolivia ilifuta oda kubwa ya matrekta, kampuni ikayumba, na mwaka 1973 matrekta yakauzwa kwa kampuni nyingine ya Italia iitwayo SAME. Magari nayo yalipita mikononi mwa watu wengi hadi mwaka 1998, yaliponunuliwa na Audi ya Ujerumani, ambayo iko chini ya Volkswagen. Matrekta yenye jina la Lamborghini yanatengenezwa hadi leo, lakini nani katika vijana wetu amelibandika trekta kwenye daftari lake?

Tena jina la Urus ni jina la ng'ombe. Urus alikuwa ng'ombe-mwitu mkubwa sana aliyeishi Ulaya na Asia, na wa mwisho alikufa huko Poland mwaka 1627. Ng'ombe wanaofugwa duniani leo wametokana na mbari yake. Basi maksai wanaovuta plau hapa kwetu, jozi mbili kwa nira, huku mtoto ametangulia na kamba, ndio jamaa zake halisi. Mkulima mwenye maksai wanne anamjua urus kuliko bwana aliyemlipia euro 171,000.

Nisieleweke vibaya, sisemi tajiri wa Ulaya asinunue atakacho. Wala sisemi gari hilo halikuleta faida kwa watu wa huko, kwani faida ipo na inafaa tuisome. Lilipokuwa likipangwa, ilikuwa inawezekana likatengenezwe Slovakia, ambako kampuni mama ina kiwanda. Serikali ya Italia na vyama vya wafanyakazi wakakaa mezani na kampuni, na mwaka 2015 ikaamuliwa litengenezwe Sant'Agata. Kiwanda kikapanuliwa kutoka mita za mraba 80,000 hadi 160,000, na wafanyakazi wapya wapatao 500 wakaajiriwa. Mwaka 2017 Lamborghini iliuza magari 3,815 ya aina zote. Mwaka 2019 iliuza 8,205, na katika hayo 4,962 yalikuwa Urus. Aprili, 2024 wakatoa Urus SE, lenye injini ya petroli pamoja na betri, nguvu za farasi 800. Waitaliano walijua thamani ya kazi ya fundi, wakaigombania. Sisi tunachukua picha tu.

Nirudi kwenye farasi. Trekta dogo la kulimia lina nguvu za farasi 50 hivi. Ukigawa 650 kwa 50 unapata 13. Nguvu ya gari moja la kwendea hotelini ingetosha matrekta 13! Kijijini kwetu hakuna hata moja. Tunategemea la kukodi, la mtu mmoja anayehudumia vijiji kadhaa, naye huanza na mashamba ya kando ya barabara na ya wenye fedha mkononi. Msimu uliopita lilifika kwetu mvua za kupandia zimekwisha pita. Kina mama walikuwa wamekwisha anza na jembe la mkono, na kwa wiki mbili madawati ya darasa langu yalikuwa nusu, kwa sababu watoto walihitajika shambani. Ndiyo maana mimi, mwalimu wa hesabu, najiona ninalo la kusema juu ya injini.

Na hatukuanza jana. Katika miaka ya 1980, wakati Waitaliano wanatoa LM002 yao, huko Kibaha wataalamu wetu chini ya jeshi waliunda lori na kulipa jina la Nyumbu. Nao walichagua mnyama! Mwaka 2015 Shirika la Taifa la Maendeleo liliingia mkataba na kiwanda cha Ursus cha Poland, na matrekta yakaja kuunganishwa hapo hapo Kibaha. Urus na Ursus zimepishana herufi moja tu, lakini nimeuliza darasani na mikono yote iliyonyanyuka ilikuwa ya Urus.

Ninayo maombi mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza ni kwako na kwa waandishi wenzako: mtakapochapa picha ya gari jipya la fahari, mtueleze pia kiwanda hicho kilianza na nini, na nani walifunga nati zake. Kijana akijua kwamba Lamborghini alianza na vyuma chakavu vya vita, atalitazama kwa jicho jingine lundo la vyuma lililo nyuma ya ghala la pamba.

La pili ni kwa wakubwa wa Shirika la Nyumbu. Wanafunzi wangu wa darasa la sita na la saba, jumla yao 74, wamenituma niulize kama wanaweza kuruhusiwa kuja kuona namna lori linavyoundwa. Kutoka huku hadi Kibaha ni mbali, lakini wazazi wamekubali kuchangia nauli baada ya kuuza pamba. Tunachohitaji ni barua ya kutukubalia na tarehe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Shinyanga.