Mvi, Rangi Nyeusi na Ngozi Isiyostahimili

Safu ya kila juma ya Ramazani Amisi

Mtu aliyeazimia kuficha mvi zake hawiwi na yeyote maelezo ya sababu, awe ni mwalimu atafutaye kazi mpya, mjane arudiye katika biashara ya vitenge, au baba aliyechoka kuitwa mzee kabla ya wakati wake. Kwa hiyo sitaingia leo katika mabishano ya kama kupaka rangi ni ghururi au ni jamala. Ninalotaka kulisema ni jambo la siha. Hapa Baraka, na kule juu Fizi, ambako bidhaa hutufikia kwa maboti ya Kigoma na kwa malori ya njia ya Uvira, mnunuzi wa rangi ya nywele aghalabu huuliza maswali mawili, la bei na la weusi wake, ilhali swali la tatu, la kilichomo ndani, ndilo ambalo ngozi ya kichwa humjibu usiku kwa mwasho, kwa malengelenge, na kwa macho yaliyovimba hata kufumba.

Kinachotia weusi katika rangi nyingi za kudumu ni kitu kimoja kiitwacho parafenilinidiamini, ambacho kisandukuni hutanguliwa na herufi p ndogo na kistari, au hutajwa kwa herufi tatu, PPD. Mwanakemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alikieleza mwaka 1863, na kabla ya karne ile kwisha watu wa viwanda vya Ulaya walikwisha kutambua kuwa chaweza kutia nywele rangi. Chembe zake ni ndogo mno, hupenya ndani ya unywele zikiwa bado hazina rangi, na humo, zikikutana na oksijeni, huungana zikawa nyeusi na kubwa hata zisiweze kutoka tena. Hiyo ndiyo fadhila yake na ndiyo hatari yake, kwa kuwa kipenyacho unyweleni hupenya ngozini pia, na mwili wa mtu ukiisha kukihesabu kuwa adui, aghalabu haukisahau maisha. Ndiyo maana mpakaji aweza kupaka mara kadhaa kwa salama, kisha mara moja akaumia, na kila arudiapo akaumia zaidi. Mwaka 2006 jumuiya ya madaktari wa mizio ya ngozi ya Marekani ilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na sheria ya Umoja wa Ulaya haikubali kizidi 2% ya mchanganyiko unaopakwa kichwani.

Sasa kisanduku kikiandikwa kuwa hakina amonia, watu wema hupotea. Amonia hunuka, huchoma macho na huudhi ngozi, na kuiondoa ni nafuu ya kweli; lakini haiondoi parafenilinidiamini, ambayo haina harufu kali ya kumtahadharisha mtu. Zile rangi za unga zikorogwazo kwa maji matupu, zipendwazo mno na vinyozi wetu, hazina amonia, na hata hivyo nyingi kati yake zina kitu hicho, au ndugu yake aitwaye toluinidiamini, ambaye aliyedhuriwa na wa kwanza huenda akadhuriwa naye vile vile.

Wala hina nyeusi si kimbilio. Hina halisi, ambayo ni majani ya mhina yaliyosagwa, hutoa wekundu, na juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa iliyoiva. Ikiuzwa hina itiayo weusi tii kwa saa moja, yafaa kuitilia shaka, maana mara nyingi imechanganywa na rangi ya nywele ya dukani. Mabibi harusi wa Lamu, Mombasa na Unguja huchorwa piko nyeusi ya namna hiyo mikononi, na wako waliobaki na makovu mahali palipokuwa na maua. Huko Khartoum, ambako wanawake walizoea kuichanganya rangi hiyo na hina, madaktari tangu miaka ya 1980 wameandika habari za wagonjwa waliovimba koo na kuharibika figo, watoto wakiwa miongoni mwao. Atakaye weusi wa majani atumie hina safi kwanza, aioshe, kisha apake nili, ambayo juu ya ule wekundu hutoa kahawia iliyokolea hata weusi. Na hata hiyo isipakwe watoto wachanga, kwa sababu hina yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu ya mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kurithi na umeenea katika nchi za malaria kama yetu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo maelekezo ya kisandukuni, yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye nywele ndefu za kulala, hayakulifikiri. Mwanamume wa Baraka hukata nywele fupi sana, hukwanguliwa kingo za paji na shingo kwa wembe, na papo hapo, kabla hajainuka kitini, hupakwa rangi kichwani na ndevuni kwa brashi. Basi rangi iliyokusudiwa kukaa juu ya nywele hukaa juu ya ngozi yenye mikwaruzo isiyoonekana, ambayo mafuta yake ya asili, yaliyokuwa kinga yake, yamekwisha kufutwa kwa spiriti. Nawasihi vinyozi, ambao nawastahi kwa kazi yao, watenganishe kunyoa na kupaka kwa siku mbili kamili. Na siku mbili hizo zisipite bure: mteja apakwe tone la rangi ile ile, lililokorogwa vile vile, nyuma ya sikio, kisha aangalie kwa saa 48 kama pataota vipele. Pakiwasha, rangi hiyo si yake, wala haifai kuijaribu tena kwa kipimo kidogo. Akina mama waliotia dawa ya kunyoosha nywele wangoje majuma mawili. Na ambaye ngozi yake ni nyepesi lakini haijapata mzio, heri achague kahawia kuliko weusi tii, maana rangi zilizokolea ndizo zilizo na kiasi kikubwa zaidi cha kitu kile. Au achague rangi ya juu juu isiyochanganywa na dawa ya pili, ambayo hutoka baada ya kuoshwa mara kadhaa, ingawa haifuniki mvi zote.

Kwa wenye maduka nina ombi ambalo nalitoa kwa moyo wote: unga wa rangi usitolewe katika kisanduku chake ukauzwa kwa vipimo, hata kama mnunuzi hana fedha za kisanduku kizima. Akikosa kile kikaratasi cha maelekezo kilichomo kisandukuni amekosa mengi niliyoyaeleza hapa. Na uso wa mtu ukivimba au pumzi ikimbana baada ya kupaka, kichwa kioshwe kwa maji mengi, apelekwe hospitali usiku huo huo pasipo kungoja kupambazuke, na kisanduku kichukuliwe pamoja naye, ili muuguzi asome jina la kitu kilichopakwa.