Elimu Ipi Iliyo Ngumu?

Watu husema ya kwamba katika chuo kikuu utabibu ndio elimu ngumu, na ualimu ni wa wale walioshindwa kwingine. Neno hili halina haki. Kweli, asomeaye utabibu Makerere hukaa miaka mitano, na mifupa 206 ya mwili yampasa kuijua yote kwa majina. Walakini ugumu wa kukumbuka ni ugumu wa namna moja tu. Mwenye kusoma hesabu hana mengi ya kukariri, naye aweza kukesha juu ya swali moja asione njia. Na mwalimu je? Akiisha kulijua jambo, kazi ndiyo kwanza yaanza, maana sharti aliingize katika vichwa arobaini visivyofanana.

Tena Makerere yenyewe ilifunguliwa mwaka 1922 kwa wanafunzi 14, nao walijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Julius Nyerere alisomea ualimu huko tangu 1943 hata 1945, kisha akasoma historia na uchumi Edinburgh, akapata shahada mwaka 1952. Nani ataiita elimu hiyo nyepesi?

Basi mzazi amshurutishaye mwanawe kushika utabibu kwa ajili ya sifa za majirani, na amwulize kwanza kama aweza kutazama damu.